F-250 au F-350 kwa kuvuta tela: nichukue ipi?

Msafiri:
Wakuu, habari za humu. Nimepata pikapu mbili, zote Ford, zote dizeli, mwaka mmoja. Moja ni F-250, nyingine F-350 ya tairi moja moja nyuma. Bei zimekaribiana. Naitaka kwa kuvuta tela. Muuzaji anataka jibu Ijumaa. Mnanishauri ipi?

Mzee wa Mizani:
Mkuu, tela lenyewe liko wapi kwenye maelezo? Lina kilo ngapi likiwa limejaa, siyo likiwa tupu? Linafungwa nyuma ya bampa, au ni lile linalokaa ndani ya bodi, juu ya ekseli? Na mnapanda wangapi?

Kamba Nene:
F-350, funga mjadala. Springi nzito ndiyo usalama.

Gia ya Tano:
Kamba Nene, wewe kila mada jibu lako ni kubwa zaidi. F-350 ikiwa tupu inarusha, mgongo unahesabu kila shimo. Mimi navuta kwa F-250 mwaka wa nne sasa. Injini ileile, giaboksi ileile, nguvu ileile. Analipia nini?

Binti Fundi:
Analipia uzito unaoruhusiwa, kaka. F-250 nyingi zimewekewa kikomo cha paundi 10,000, karibu kilo 4,536, gari pamoja na kila kilichomo. Namba hiyo inatokana na madaraja ya magari ya Marekani: ukiizidi umeingia daraja la 3. Injini ya dizeli ni nzito, kwa hiyo inakula humohumo, na mzigo unaobaki ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Msafiri, kabla hujalipa, fungua mlango wa dereva wa kila gari usome kibandiko kwenye nguzo. Kuna mstari unaosema watu na mizigo visizidi kilo kadhaa. Huo ndio wa kulinganisha. Namba ya kuvuta iliyo kwenye tangazo weka pembeni, maana kibandiko kitakubana kabla hujaifikia.

Msafiri:
Asanteni. Tela la kulala, la kufunga nyuma. Sijalipima, ila karatasi zinasema kilo 3,400 tupu. Tupo watu watano.

Bwana Mteremko:
Msafiri, tulia usome hii. Nilikuwa na pikapu ya daraja dogo kama hiyo F-250, kampuni siitaji. Kibandiko kilisema kilo 900. Tela langu likijaa lilikuwa kilo 4,300. La kufunga nyuma linatakiwa kukandamiza ndoano kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, kwa hiyo langu lilikandamiza kilo 520 hivi. Ongeza familia, jenereta, maji, sanduku la spana: kilo 450. Nimeshapita, na sikujua.

Nilichokiona ni matako ya gari yameshuka na taa zinamulika vilele vya miti. Madereva wa mbele wakawa wananiwashia taa wakidhani nimewasha kali. Nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka mikono inatoa jasho: nikasimama, nikahamisha jenereta na madumu ya maji kuyapeleka mwisho kabisa wa tela. Gari likanyanyuka, likapendeza. Nikaondoka nimeridhika.

Kwenye mteremko mrefu basi likanipita. Upepo wake ukalisukuma tela kushoto, likarudi kulia, likarudi kushoto kwa nguvu zaidi. Usukani ukawa mwepesi kama hauna kitu chini. Mke wangu hakupiga kelele, alishika tu kichwa cha mtoto. Kilichotuokoa ni kubonyeza kwa mkono swichi ya breki za tela peke yake, bila kukanyaga breki ya gari. Tela likanyooka nyuma yetu. Kesho yake nikapima: ndoano ilikuwa inabeba kilo 260, asilimia 6. Gari dogo ndilo lililonishawishi nihamishe mzigo.

Kamba Nene:
Pole sana mkuu. Hapo nimekaa kimya.

Gia ya Tano:
Pole, mkubwa. Lakini kuna mifuko ya hewa ya kusaidia springi za nyuma. Mimi ninayo, gari linakaa sawa kabisa.

Binti Fundi:
Linakaa sawa, ila ekseli, rimu na tairi ni zilezile, na kibandiko hakibadiliki. Afadhali vile vyuma vya kusambaza uzito, vinarudisha sehemu ya mzigo kwenye tairi za mbele.

Pwani Dizeli:
Kwa nini mmeng'ang'ania Ford? Ram 2500 tangu 2014 ina springi za koili nyuma, ikiwa tupu inatembea vizuri sana. 3500 ndiyo yenye springi za bapa.

Kamba Nene:
Koili kwa kazi nzito? Hapana. Hata hivyo, achukue ya tairi nne nyuma kabisa, tela haliyumbi ovyo.

Pwani Dizeli:
Na kila akibadilisha anunue tairi sita, na kwenye majani yenye maji inateleza. Wenye Ram za injini ya Cummins mnisaidie hapa.

Mzee wa Mizani:
Msafiri, hujasema unavuta mara ngapi kwa mwaka.

Msafiri:
Labda mara sita. Siku nyingine naendea kazini, dakika kumi tu.

Binti Fundi:
Dakika kumi kwa dizeli! Kichujio cha moshi kinahitaji joto ili kijisafishe. Safari fupi kila siku zitakiziba. Umefikiria ya petroli? Injini nyepesi, na kibandiko kitakuongezea kilo.

Gia ya Tano:
Sasa mnamrudisha mwanzo kabisa.

Msafiri:
Nimefungua milango leo. F-250 inasema kilo 985, F-350 inasema 1,590. Kesho napeleka tela kwenye mizani likiwa na maji na vitu vyote. Bwana Mteremko, ndoano ulipimaje peke yake?

Bwana Mteremko:
Pima gari likiwa na watu wote, bila tela. Kisha funga tela, pima tena tairi za gari tu zikiwa juu ya mizani. Vyuma vya kusambaza uzito uwe umevilegeza. Tofauti ndiyo uzito wa ndoano. Na angalia upepo wa tairi za tela kabla ya kutoka, zikiwa baridi.