Waliowahi kuishi Ujerumani na mume au mzazi mwanajeshi, hebu nisimulieni

Mama Wawili, Chumbageni

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mume wangu ni mwanajeshi, na mwezi uliopita jina lake limetoka kwenda kozi ya maofisa Hamburg. Anaanza na lugha, kozi yenyewe inafuata. Ameambiwa anaweza kutuchukua mimi na watoto, mmoja ana miaka 9, mwingine 6. Nina duka la vitenge Ngamiani na sioni raha ya kulifunga nikajikunyate ndani ya nyumba ya watu. Wifi yangu anasema nibaki, nimwache mwanamume akasome. Waliokwenda kama familia, kulikuwaje? Msinitumie yaliyoandikwa mitandaoni, hayo nimeshasoma.

Bi Pweza

Nenda mwaya. Tanga yenyewe waja leo waondoka leo, sembuse Hamburg. Beba bizari na pilipili manga za kutosha.

Binti Raskazone

Mama Wawili, mimi nilikwenda nikiwa na miaka 10 na mdogo wangu 6, kwa hiyo majibu yangu ni ya upande wa wanao. Ilikuwa 2005, baba ni meja. Alitangulia Hürth, karibu na Cologne, kusoma Kijerumani. Alipohamia chuo cha maofisa Hamburg, upande wa Blankenese, nasi tukamfuata.

Tulikuwa tumeshakaa Ngerengere, Monduli na Lugalo, na kila katikati ya uhamisho tunaachwa kwa bibi Raskazone. Baba kwangu mimi alikuwa buti mlangoni. Ukiziona, yupo. Ukiamka hazipo, hesabu miezi mitatu. Kule alikuwa anatoka darasani alasiri, anarudi na baiskeli, anakaa mezani na kamusi, kisha ananiita. Watoto tulishaidaka lugha, yeye bado anapigana nayo. Meja mzima ananiuliza mimi kama neno meza kwa Kijerumani linatanguliwa na "der" au "die"! Nilikuwa namjibu taratibu makusudi, ili asinyanyuke.

Siku zangu bora ni Jumamosi. Tunapanda treni ya S1 mpaka reli inapoishia, Wedel, tunatembea hadi ukingoni mwa mto Elbe. Pale pana kituo cha kusalimia meli, kipo tangu 1952. Meli kubwa ikipita kuingia au kutoka bandarini, wanaishushia bendera kidogo, wanaipigia wimbo wa taifa wa bendera yake, halafu anatangaza mtu kwenye spika meli inaitwaje na ina urefu gani. Sisi watoto wa Raskazone kuhesabu meli ndiyo kazi yetu, lakini meli kupigiwa wimbo hatukuwahi kuona.

Shida ilikuwa baba. Wimbo wa taifa ukilia, askari anasimama wima, na yeye hakuuliza ni wa taifa gani. Watu wamekaa na keki zao na kahawa, katikati yao mtu mweusi mrefu kanyooka kama mlingoti. Na meli nyingi, kama mjuavyo, zinapeperusha bendera za Liberia na Panama hata kama tajiri wake yuko kwingine kabisa. Siku moja alisimama mara nne kwa ajili ya Liberia, chai yake ikawa ya kumwaga. Mama akamwambia, "Baba watoto, rais wa Liberia mwenyewe saa hizi kakaa." Tulicheka mpaka kwenye treni. Ya Tanzania tuliingoja mwaka mzima, haikupita.

Mdogo wangu alianza darasa la kwanza kule. Wajerumani siku hiyo wanampa mtoto koni kubwa la karatasi, karibu lilingane naye, limejaa peremende na penseli. Mama kaambiwa jioni ya kuamkia siku yenyewe. Akakunja manila, akaizungushia kanga yake ya kijani, akaijaza visheti alivyokaanga usiku ule ule. Koni la watoto wengine lina picha za magari, la kwetu lina jina la methali. Picha ya siku ile iko ukutani kwa bibi mpaka leo.

Chakula kisikutishe. Nyuma ya stesheni kuu kuna mtaa unaitwa Steindamm, utapata tui la kopo, bamia, ndizi za kupika. Samaki wao ndiye kichekesho: wanamtia chumvi, hajaona moto, wanambana kwenye mkate na vitunguu. Mama alimtazama akasema huyu kafa bure. Baadaye ndiye aliyekuwa anamnunua.

Siku moja ambayo haikuwa ya kucheka baba alitupeleka Jenfeld, mashariki ya mji. Kulikuwa na kambi ya jeshi iliyopewa jina la Lettow-Vorbeck, yule yule kamanda wa Wajerumani aliyepigana hapa Tanga Novemba 1914. Kuna mabamba makubwa ya udongo wa kuchoma, moja la askari wetu, jingine la wapagazi. Panazungushiwa uzio, baba alipata mtu wa kutufungulia. Bibi yangu alikuwa akisimulia babu yake alivyobebeshwa mizigo vita vile. Baba akasimama kwa wapagazi muda mrefu, hakutuambia neno. Wimbo haukupigwa, lakini mgongo wake ulinyooka vile vile.

Mwishoni ikaja Kombe la Dunia la 2006. Tarehe 10 Juni Ivory Coast na Argentina walicheza Hamburg. Tiketi hatukuwa nazo, tulisimama Heiligengeistfeld kwenye skrini kubwa, mdogo wangu mabegani kwa baba. Drogba alifunga, wakafungwa 2–1 hata hivyo. Baba alipoteza sauti siku mbili.

Ubaya upo. Desemba saa 10 jioni kumeshaingia giza, mama alilia sana mwezi ule. Jumapili maduka yote yamefungwa, na ukitwanga thomu kwenye kinu jirani wa chini anakuja kugonga.

Afande Mstaafu

Binti, baba yako alikuwa sahihi. Ukiwa na nguo za kiraia hupigi saluti, unasimama wima, na wimbo ni wimbo.

Mimi nilipelekwa huko huko nikaenda peke yangu, tuliona gharama. Cheti nilipata kizuri. Niliporudi, mwanangu wa mwisho alinisalimia "shikamoo mjomba" akakimbilia jikoni kwa mama yake. Mama Wawili, huyo wifi yako mwambie aolewe na askari kwanza, kisha aje atoe ushauri.

Mama Wawili, Chumbageni

Afande, hiyo ya mjomba nimemsomea mume wangu, akanyamaza kisha akaenda kutafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Duka nitamwachia mdogo wangu. Binti Raskazone, makoti ninunue hapa Tanga au nisubiri kule?

Binti Raskazone

Nunua mitumba hapa hapa, mwaya. Yametoka kwao, unayarudisha tu nyumbani. Viatu ndiyo usinunue hapa. Vyetu viliachia soli wiki ya kwanza ya theluji, baba akavifunga na kamba za buti zake.