Mrejesho: kutibu maji ya kunywa katika safari ndefu ya miguu

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kutibu maji ya mito safarini. Nilifuata ushauri wa kuyachuja kwa kitambaa, kisha kutia vidonge vya klorini na kusubiri dakika 30, au zaidi yalipokuwa ya baridi sana, na tumbo halikunisumbua. Kuchemsha, ambako juu ya mita 2,000 huhitaji dakika 3 za kutokota, kulimaliza gesi upesi, hivyo nikakubakiza kwa maji yaliyopita malishoni, kwa kuwa klorini haiviwezi vimelea vya kriptosporidiamu, viletavyo kuhara na vitokavyo kwenye kinyesi cha mifugo. Chujio la mkononi ndilo lililonivunja moyo: matope yaliliziba, na hata kulisukumia maji safi kinyumenyume kulirudisha sehemu tu ya kasi yake. Mwenzangu aliharisha (nashuku mikono isiyonawiwa kuliko maji), akapata nafuu kwa chumvichumvi za kurudisha maji mwilini (ORS) mlizopendekeza.