Gari la kusukuma nyuma kwenye theluji: matairi ya baridi, mifuko ya mchanga, au niliuze kabisa?

Dau_la_Mrima (Saint Paul, Minnesota), 9 Oktoba

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Nina sedani ya Kijapani ya mwaka 2010 ambayo injini yake iko mbele lakini magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. Niliinunua Februari mwaka huu kwa sababu bei ilikuwa nzuri mno, na wiki mbili baadaye nikaelewa kwa nini ilikuwa nzuri. Nilikuwa naondoka kwenda zamu ya saa tano usiku kwenye nyumba ya wazee, na kichochoro cha nyuma ya kwetu, ambako greda la theluji hufika mwisho, kina mteremko ambao kwa miguu hata huuhisi. Gurudumu moja la nyuma lilizunguka hadi likajichimbia shimo la barafu linalong'aa kama kioo, na zulia la mlangoni nililolisokomeza chini yake likarushwa nyuma likaenda kugonga pipa la taka la jirani. Nilifika kazini saa sita na nusu kwa teksi.

Sasa baridi inarudi na nataka kuamua mapema. Naweza kununua matairi manne ya baridi, ambayo duka la karibu limenitajia dola 640 bila rimu. Naweza kununua mawili tu na kuyafunga nyuma, kwa kuwa ndiko nguvu inakokwenda, nikaokoa nusu ya fedha. Naweza kubaki na matairi haya ya misimu yote na kujaza mifuko ya mchanga kwenye buti, kama wanavyofanya wenye pikapu hapa. Au niliuze, ninunue la kuvuta mbele au la magurudumu yote manne, hata kama litakuwa kuukuu zaidi. Naomba ushauri wa waliokwishapitia, si wa kusikia.

Fundi_Difu (Duluth, Minnesota)

Ndugu Dau, pole kwa zulia. Nimekuwa fundi miaka kumi na sita, sita Nakuru na kumi hapa Duluth, mji ambao mitaa yake inashuka hadi Ziwa Superior kana kwamba ilijengwa na mtu asiyewahi kuona barafu.

Kwanza tujue kwa nini ulikwama. Injini na giaboksi viko mbele, kwa hiyo magurudumu yako ya nyuma yamebeba uzito mdogo kuliko ya mbele, na tairi lisilo na uzito juu yake haling'ati theluji. Pili, difu ya kawaida, yaani gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma, huliachia nguvu gurudumu lililo jepesi kuzunguka, yaani lile linaloteleza. Ndiyo maana moja lilichimba shimo na mwenzake akakaa kimya akitazama. Hayo mawili ni maumbile ya gari lako. La tatu unaweza kulibadilisha leo, nalo ni matairi. Mpira wa tairi la misimu yote huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri huwa mgumu kama soli ya buti la mgambo. Mpira wa tairi la baridi umechanganywa ubaki laini katika hali hiyo, na kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, zimechanjwa mistari mingi myembamba inayofunguka na kuibana theluji. Ukienda dukani, tazama ubavuni: alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake maana yake tairi lilijaribiwa kwenye theluji likafaulu. Herufi M na S peke yake zinaeleza umbo la kashata tu.

Wazo la matairi mawili nyuma naomba ulifute. Gari litaondoka vizuri, kisha utafika kwenye kona, utakata usukani, nalo litaendelea kwenda mbele kama halikukusikia, kwa sababu matairi ya mbele ndiyo yanayogeuza na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ni manne au usinunue.

Karafuu_Kavu (Montréal, Québec)

Nakubaliana na Fundi, na kwetu hata mjadala huu haupo, kwa sababu katika jimbo la Québec sheria inalazimisha matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, gari liwe la kuvuta mbele, nyuma au kote.

Ninachoongeza ni cha mfuko. Kaka Dau, usifunge matairi mapya kwenye rimu zako za sasa. Tafuta rimu nne za chuma zilizotumika, matairi ya baridi yakae juu yake moja kwa moja, nawe utabadilisha mwenyewe kwa jeki mara mbili kwa mwaka badala ya kulipa duka kila msimu. Ukiweza kupata saizi nyembamba kidogo ambayo mtengenezaji wa gari lako anairuhusu, ni bora zaidi, kwa kuwa tairi jembamba hupenya theluji laini hadi chini wakati pana linataka kuelea juu yake. Nami matairi yangu ya kwanza niliyanunua yakiwa yametumika. Soma tarakimu nne za mwisho wa namba ndefu ubavuni: 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Kashata zikiwa chini ya milimita 3.5 kwetu tairi hilo halihesabiwi kuwa la baridi, na mimi binafsi sinunui lililo chini ya milimita 6, hata muuzaji aape vipi.

Ziwa_Erie (Buffalo, New York)

Naheshimu waliotangulia, ila naona mnamjibu mwenye gari na kumsahau mfanyakazi wa zamu ya usiku. Hapa Buffalo theluji ya kutoka ziwani inaweza kushuka sentimita 60 kati ya chakula cha jioni na alfajiri. Sedani iliyo chini vile, ambayo tumbo lake liko labda sentimita 14 kutoka ardhini, ikiingia kwenye theluji ya sentimita 25 itakaa juu yake kama jahazi lililopwelewa, na matairi ya dola elfu hayatasaidia kitu kwa kuwa hayagusi chini kwa uzito wa kutosha. Mimi nilikuwa na gari la kusukuma nyuma lenye matairi mazuri ya baridi kwa misimu miwili. Barabara kuu halikunipa shida hata siku moja. Lilinikwamisha kwenye maegesho, na kwenye lile tuta ambalo greda huliacha mbele ya lango lako baada ya kupita. Niliuza, nikachukua gari la magurudumu yote manne lililoinuka, na tangu hapo wagonjwa wangu hawajanisubiri. Ushauri wangu ni kuuza sasa, mwezi Oktoba, kabla kila mnunuzi wa Minnesota hajakumbuka baridi.

Fundi_Difu

Ndugu Ziwa Erie, hoja ya kimo cha gari ni ya kweli na sikuitaja, ahsante. Lakini nina hofu na mtu anayeuza gari akanunua la magurudumu yote manne, kisha akabaki na matairi ya misimu yote kwa kuwa fedha imekwisha. Injini kusukuma magurudumu manne husaidia kuondoka na kupanda. Kusimama ni jambo jingine, kwa sababu kila gari, hata hilo la Dau, hufunga breki kwa magurudumu yote manne.

Chukua mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kwenye lami kavu breki kamili hukusimamisha ndani ya mita 14 hivi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, ambako mshiko wa tairi unaweza kushuka sana, utahitaji karibu mita 50, na kwenye barafu tupu hata mita 100. Hizo ni baada ya mguu kugusa breki; muda wa kushtuka sijauhesabu. Wengi ninaowavuta kutoka mitaroni huku ni wenye magari makubwa ya magurudumu manne, ambao gari liliondoka kwenye taa kwa wepesi mno wakadhani litasimama kwa wepesi uleule.

Na gari la kuvuta mbele nalo si mwarobaini. Kwenye mlima uzito hurudi nyuma, magurudumu ya mbele yanapungukiwa, na hapa Duluth nimeona madereva wakipanda kinyumenyume ili magurudumu yanayovuta yawe upande wenye mzigo.

Mwanga_wa_Fiodi (Oslo)

Salamu kutoka Norwei. Huku magari ya umeme ya kusukuma nyuma ni mengi na watu wanayaendesha baridi nzima, lakini tusiyalinganishe kiholela na gari la ndugu Dau. Mota ya gari la aina hiyo imekaa nyuma, betri nzito imelala sakafuni, na kompyuta hupunguza nguvu mara tu gurudumu linapoanza kuteleza. Hata hivyo yana hila yake: ukiachia kanyagio la mwendo ghafla, mota hugeuka breki, na ikiwa breki hiyo iko kwenye magurudumu ya nyuma peke yake juu ya barafu, mkia unaanza kutangulia. Tunashauriwa kuipunguza nguvu siku za utelezi. Mwenye gari la gia za mkono atakutana na jambo hilohilo akishusha gia kwa pupa.

Matairi yenye misumari midogo ya chuma, ambayo huku yanaruhusiwa ingawa katika Oslo unayalipia ada, usiyawaze, kwa kuwa Minnesota inawakataza wakazi wake. Minyororo ibaki kwenye buti kwa dharura. Kwa gari lako ingefungwa nyuma, nayo haitakiwi kuzidi mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo si kitu cha kwendea kazini kila siku kwenye barabara iliyokwisha kufagiliwa.

Nashauri jambo moja lisilo na gharama. Huku mwanafunzi wa udereva hapati leseni bila kupita kwenye uwanja wa kuteleza. Ndugu Dau, tafuta eneo tupu la maegesho baada ya theluji ya kwanza na ulitelezeshe gari kwa makusudi, kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, mpaka mikono ijue la kufanya.

Dau_la_Mrima

Nawashukuru. Wazo la matairi mawili nimelifuta. Niulize kuhusu mchanga: je, ni upuuzi, au unaongeza kitu hata nikiwa na matairi manne?

Fundi_Difu

Unaongeza, mradi ujue kiasi na mahali. Mifuko mirefu ya mchanga inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ina ratili 60, yaani kilo 27. Miwili inatosha sedani. Iweke juu ya ekseli au mbele yake kidogo, ikiegemea mgongo wa kiti cha nyuma, na uifunge kwa kamba. Ukiisukuma hadi mwisho wa buti, nyuma ya ekseli, inafanya kazi ya pembea: mkia unashuka na pua inainuka, usukani unakuwa mwepesi, na gari likianza kuzunguka mzigo ule unalizungusha zaidi. Ukisahau kamba, siku ya breki kali mfuko wa kilo 27 utakuja kukaa nawe mbele.

Dau_la_Mrima, 30 Novemba

Narudi na majibu. Nilipata rimu za chuma zilizotumika na matairi manne mapya, nikaweka mifuko miwili kama nilivyoelekezwa. Juzi ilishuka theluji ya kwanza ya maana, kama sentimita 15, na Jumapili asubuhi nikaenda kwenye uwanja mtupu wa maegesho. Nilipokanyaga breki kwa nguvu, kanyagio lilitetemeka chini ya soli kama simu inayoita mfukoni; mara ya kwanza nikaachia kwa woga, mara ya pili nikashikilia na gari likasimama likiwa limenyooka. Kisha nikakanyaga mafuta kwenye kona mpaka mkia ukatoka. Mara tatu niligeuza usukani kwa kuchelewa na kujikuta natazama nilikotoka. Mara ya nne niliachia mafuta, nikatazama ninakotaka kwenda, na mikono ikafuata macho.

Usiku wa jana nilikwenda kazini. Kwenye kichochoro nilizima kwa muda mfumo wa kuzuia gurudumu kuzunguka, kwa sababu ulikuwa unaikata nguvu mpaka gari linasimama kabisa, nikaondoka na gia ya pili, taratibu, kisha nikauwasha tena nilipofika mtaani. Nilipita palepale palipo na shimo la Februari. Mwishoni mwa kichochoro mkia ulitoka kama nusu mita, ukarudi.

Kasoro ni moja: mfuko mmoja uliloa na kuganda, na nilipotaka kumwagia mchanga njia ya jirani ukawa jiwe.

Ziwa_Erie

Hongera, kaka. Bado nasema siku ikishuka sentimita 30 usitoke na gari hilo.

Dau_la_Mrima

Hilo nimelikubali. Nimepatana na mwenzangu wa zamu mwenye pikapu ya magurudumu manne: siku za namna hiyo ananipitia, nami namchangia mafuta. Ukijumlisha, bado ni nafuu kuliko kuuza na kununua. Swali langu la mwisho: matairi haya niyatoe lini?

Karafuu_Kavu

Usitazame kalenda, tazama joto la asubuhi. Likikaa juu ya nyuzi 7 kwa wiki nzima, yatoe, kwa kuwa mpira ule laini huliwa haraka na lami yenye joto. Kabla ya kuyatoa, andika kwa chaki kila moja lilikuwa wapi, ili mwakani yaliyokuwa nyuma uyafunge mbele. Kwenye gari lako ya nyuma ndiyo yatakayoisha kwanza. Na ule mchanga wa kumwaga, uweke kwenye dumu kavu lenye kifuniko.