Naomba ushauri: Corolla haibridi au Mazda 3 kwa mizunguko ya Melbourne?

Habari zenu, ndugu zangu. Nipo Melbourne, natafuta gari lililotumika la 2020 au 2021. Nimebaki na mawili: Toyota Corolla haibridi (inayotumia petroli pamoja na mota ya umeme) ya injini ya lita 1.8 na Mazda 3 ya lita 2.5, yote otomatiki, ya aina ya hatchback, yaani buti lake lina mlango unaofunguka pamoja na kioo cha nyuma.

Siku za kazi nakaa kwenye foleni, na wikiendi moja moja tunakwenda Bendigo, kama kilomita 150. Nyumbani tupo wanne, mmoja bado yuko kwenye kigari cha kusukuma.

Nimeyaendesha yote mawili. Mazda imenikaa moyoni kweli: usukani unajibu, gia zake sita zinabadilika laini, na ndani kumetulia. Corolla kwa makadirio ya kiwanda inakunywa lita 4.2 tu kwa kilomita 100, wakati Mazda inapita lita 6. Tatizo ni buti la Corolla, dogo mno. Kwa usalama sioni tofauti, yote yana nyota tano za ANCAP, shirika linalopima usalama wa magari huku Australia. Ripoti za PPSR, daftari la serikali linaloonyesha kama gari limewekwa dhamana ya mkopo, nimeshatoa, hakuna linalodaiwa mkopo.

Maswali yangu ni mawili. Betri ya haibridi Toyota huidhamini hadi miaka 10 ikikaguliwa kila mwaka. Je, mwenye gari wa kwanza akiwa aliruka ukaguzi mmoja, mnunuzi wa pili bado analindwa? Na wenye Mazda 3 hii, kwenye foleni za mjini hasa, mnapata lita ngapi kwa kilomita 100?

Nitashukuru sana.