FTP, SFTP au rsync: ipi itumie kutuma nakala rudufu kutoka tawini?

Fundi_Nyanda
Wakuu, habari za kazi. Nahudumia duka la dawa lenye tawi Mbeya, seva kuu iko Dar es Salaam. Kila usiku saa 6 tawi linatuma faili la hifadhidata, kama GB 3 hivi, kwa FTP (njia ya zamani ya kutuma mafaili mtandaoni). Laini ikikatika, asubuhi nakuta kipande. Wengine wananiambia nihamie SFTP, wengine rsync. Zinatofautiana wapi hasa?

MzeeWaPoti
Kabla hujafika kwenye laini, anza na usalama. FTP ilibuniwa mwaka 1971, enzi za ARPANET (mtandao uliotangulia intaneti), watumiaji wakiwa watafiti wachache. Nenosiri linapita waziwazi. Washa Wireshark (programu ya kuona data inayopita mtandaoni) kwenye hiyo hiyo kompyuta inayotuma, uone mwenyewe: mstari wa USER na jina lako, unaofuata PASS na nenosiri herufi kwa herufi. Niliwahi kumwonyesha bosi mmoja, akasogeza kiti karibu na skrini, akasoma nenosiri lake kwa sauti. Ruhusa ya kubadilisha nilipata siku hiyo hiyo. Na hizo ni rekodi za dawa za watu, ndugu yangu.

Neema_Seva
Naongezea la ruta. FTP hufungua njia mbili: poti (mlango wa mtandao wenye namba) 21 ya amri, na nyingine ya data ambayo namba yake hupangwa palepale. Ndiyo maana nyuma ya NAT (ruta inapotumia anwani moja kwa kompyuta nyingi) unaweza kuingia vizuri, halafu orodha ya mafaili inaganda. SFTP inapitisha kila kitu poti 22, ndani ya SSH (njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali). Ila usiichanganye na FTPS. FTPS ni FTP ile ile iliyovikwa TLS (usimbaji wa data), na shida ya njia mbili inabaki nayo.

Kaka_Swichi
Mimi FTP bado ninayo. Kuna skana ya zamani ofisini haijui kingine. Msiseme ife kabisa.

MzeeWaPoti
Iache, lakini iwe kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa), isiguse intaneti. Swali la mwenzetu ni la Mbeya hadi Dar.

Neema_Seva
Kwa Mbeya hadi Dar mimi nasema rsync ikipita juu ya SSH. SFTP ni nzuri, na programu nyingi zinaweza kuendelea pale ilipokatikia, ila kila usiku utarudia GB 3 zote hata kama zilizobadilika ni mauzo ya siku moja. Rsync inalinganisha faili jipya na la zamani lililoko Dar, vipande kwa vipande, inatuma tofauti tu.

Lakini kuna mitego, na wengi wananasa humo. Ukiliwekea faili jina lenye tarehe, rsync italiona geni na kulituma lote. Tumia jina moja, halafu upande wa Dar, likishapokelewa salama, linakiliwe kwa jina la tarehe. Ukilibana kwa gzip (programu ya kupunguza ukubwa wa faili) kawaida, badiliko dogo mwanzoni linavuruga yote yanayofuata, kwa hiyo weka `--rsyncable`. Na usitumie `--partial` peke yake: laini ikikatika, kipande kinaweza kukalia nafasi ya faili zima la jana. Weka `--partial-dir`, kipande kikae pembeni.

Fundi_Nyanda
Nimerudi. Usiku wa kwanza faili lilikwenda lote. Usiku wa pili zimepita MB chache tu, nimeangalia mara mbili nikidhani kuna kosa. Nimelirejesha kwenye kompyuta ya majaribio, limefunguka vizuri. Sasa, skripti inaomba nenosiri na saa 6 usiku hakuna mtu.

MzeeWaPoti
Tengeneza funguo kwa `ssh-keygen`. Ule wa siri unabaki Mbeya, ule wa wazi unaupeleka seva ya Dar. Mtumiaji anayeingia kwa funguo hizo mpe folda ya nakala rudufu tu. Na mara ya kwanza kuunganisha, SSH ikikuonyesha alama ya kidole ya seva (mfululizo wa herufi unaoitambulisha), usibonyeze yes kwa mazoea. Mpigie aliyeko Dar, akusomee ya kwake, mlinganishe.

Fundi_Nyanda
Hiyo yes niliibonyeza juzi bila kusoma. Naifuta seva hiyo kwenye known_hosts (faili la seva zilizokubaliwa) sasa hivi, nampigia.