MREJESHO: Watarajali wapya kitengo cha dharura, Moshi

Wakuu, habari za kazi. Niliomba ushauri wa kuwanoa madaktari watarajali wanaoanza mwaka wao wa mafunzo kazini kwenye kitengo chetu cha dharura hapa Moshi, maana majeruhi wa bodaboda wakiletwa, vijana waliganda. Asanteni sana wote mliochangia.

Uliozaa matunda ni ule wa kuigiza ajali kabla ya zamu ya asubuhi, palepale kitandani na kwa vifaa vyetu vya kila siku. Mmoja analala, mwenzake anasimama kichwani akitaja kwa sauti: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha anamfunua mwili mzima. Anayeagizwa dawa anairudia na dozi yake kabla ya kuchoma. Juzi kaletwa mama hajitambui, ndugu wanasema ni kiharusi. Binti mtarajali akapima sukari ya damu kwanza: 1.8 mmol/L, imeshuka mno. Akampa glukosi ya mshipa, na mama akafumbua macho, akauliza yuko wapi. Nilifurahi mno.

La kumpangia kila mtarajali muuguzi mkongwe usiku limefanikiwa nusu tu. Wauguzi hawatoshi, na wikiendi ndiyo balaa. Daftari la makabidhiano ya wagonjwa kati ya zamu limekufa kabisa, foleni ikiwa ndefu haandiki mtu. Tunakabidhiana kitanda kwa kitanda, kwa mdomo, mgonjwa akisikia.

Kwa atakayeusoma uzi huu baadaye: anza na maigizo, hayana gharama. Na mwenye mbinu ya zamu za usiku aniandikie, bado naihitaji.