Maneno yaliyokosewa tahajia kwenye tovuti ya duka: kurasa, jina la tovuti au matangazo ya kulipia?

kuku_lanet (Nakuru)
Wadau, hamjambo. Tovuti ni ya duka la mashine za kuangulia vifaranga, malisho na dawa za kuku, imejengwa kwa WordPress (programu ya kujengea tovuti) na WooCommerce (nyongeza yake ya duka). Wateja huandika "incubator" (ndiyo mashine yenyewe) na "vifaranga" wanavyosikia: incubeta, inkubeta, encubator, incubater, vifalanga. Njia zilizopendekezwa ni nne: (1) ukurasa mmoja kwa kila neno lililokosewa, (2) kuyajaza chini ya ukurasa kwa maandishi meupe na kwenye lebo ya meta ya maneno muhimu (msimbo wa ukurasa ambao msomaji haoni), (3) kununua majina ya tovuti yaliyokosewa, (4) kuyalipia kwenye Google Ads, matangazo ya Google. Ipi inalipa kwa duka dogo?

Fundi_Kondele (Kisumu)
Ya pili itupe leo. Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba lebo hiyo haiitumii kupanga matokeo, na maandishi yaliyofichwa yamekatazwa waziwazi kwenye sera zake. Ya kwanza pia ni hatari: rundo la kurasa zinazotofautiana neno moja tu, zote zikimpeleka mtu mahali pamoja, Google ililitengenezea dawa yake ya kulishusha tangu 2015.

Na hata bila adhabu, faida haipo. Mwaka 2020 Google ilisema utafutaji mmoja kati ya kumi una kosa la tahajia, na watu wakisikia hivyo wanaona soko. Lakini kosa likitambuliwa, mtafutaji huletewa matokeo ya neno sahihi, na ukurasa wako wa "incubater" hauna wa kuutazama. Pima hivi: fungua dirisha la faragha, andika neno. Ukiona Google inaonyesha matokeo ya neno jingine, achana nalo. Ikikuuliza tu kama ulimaanisha kitu kingine, kuna upenyo mdogo. Ikinyamaza kabisa, basi kwake hilo si kosa.

Mulembe_Data (Bungoma)
Hapo kwenye kunyamaza ndipo penye mali. Kosa la kidole ni kitu kimoja, tahajia mbili zinazotumika sambamba ni kingine. Chukua majina ya maeneo: Kaptembwo na Kaptembwa, Rhonda na Ronda, Homa Bay na Homabay, Luanda na Lwanda: wote wanaoandika hivyo wako sawa. Ukurasa wa maeneo mnayopeleka mizigo uzitaje zote, ndani ya sentensi za kawaida. Luanda iandike pamoja na Vihiga, la sivyo unapigania nafasi na mji mkuu wa Angola.

Kujua wateja wanaandika nini: ingia Search Console (zana ya Google inayoonyesha watu walitafuta nini wakaiona tovuti yako), sehemu ya Utendaji, ongeza kichujio cha hoja (maneno yaliyotafutwa), chagua regex (mchoro wa herufi unaonasa tahajia nyingi kwa pamoja), kisha bandika

[ei]n[ck]y?ub[ae]

Itanasa tahajia zote za mashine ulizotaja, pamoja na inkyubeta. Weka miezi 16, ndio upeo wake. Tazama maonyesho kwanza, mibofyo baadaye. Ila ukikuta sifuri usidhani hakuna anayeandika hivyo: hoja ambayo haijatafutwa na zaidi ya watu dazeni chache ndani ya miezi miwili mitatu Google huificha, na tahajia zilizokosewa nyingi ni za aina hiyo.

Milimani_Tangazo (Kisumu)
Ya nne ni kulipia ulichokwisha kupewa. Tangu 2014 huwezi kuzima ulinganishaji wa tahajia zinazokaribiana kwenye Google Ads. Ukiweka "incubator" hata kwa ulinganifu kamili (chaguo la kulenga neno hilo tu), incubater imo.

Ya tatu igawe mara mbili. Jina la duka lako mwenyewe lililokosewa kidogo, nunua moja au mawili na uyaelekeze kwa 301 (uelekezo wa kudumu) kwenye tovuti kuu, basi. Jina la mshindani lililopinda herufi usiliguse. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 28, inataja faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Fundi_Kondele
Njia ya tano mmeisahau, na ndiyo ningeanza nayo: kisanduku cha kutafutia ndani ya duka. Google inasahihisha, WordPress hairekebishi chochote. Inatafuta herufi zile zile zilivyoandikwa, kwa hiyo "vifalanga" inaleta ukurasa mtupu ilhali vifaranga wapo. Huyo ni mteja aliyekwisha kuingia dukani.

Tiba ni mbili na hazibadilishani. Injini inayovumilia makosa, mfano Meilisearch, kwa mpangilio wake wa kawaida huruhusu kosa moja kwa neno la herufi 5 na kuendelea, mawili kuanzia herufi 9. Vifalanga itapita, incubater itapita. Encubator itapita kwa shida, maana kosa kwenye herufi ya kwanza huhesabiwa mawili. Incubeta haipiti: ina herufi 8, na kuifikisha kwenye incubator kunataka mabadiliko matatu. Hiyo iandikie kisawe kwa mkono. Ukitumia Relevanssi (nyongeza ya utafutaji ya WordPress), sehemu ya visawe, mstari ni

incubeta = incubator

kisha mstari mwingine wa inkubeta. Ukichagua visawe viingizwe kwenye faharasa (orodha ya maneno ambayo utafutaji huisoma), ijenge upya, vinginevyo utakaa ukishangaa kwa nini hakuna kilichobadilika.

Mulembe_Data
Kweli omera. Na "inkubeta" iwekwe mara moja kwenye maelezo ya bidhaa, maana ndivyo watu wanavyolitamka.

Milimani_Tangazo
Kwenye maelezo ya Kiswahili sawa, kwenye kichwa cha ukurasa hapana. Unamwomba mtu atume maelfu kwenye Till kabla hajaiona mashine; tahajia mbovu juu ya bei inanuka utapeli. Wala usiliongeze kwenye jina la biashara kule Google Maps. Jina liwe lile lililo kwenye kibao cha duka, ukizidisha maneno wasifu unaweza kusimamishwa.

kuku_lanet
Asanteni. Kwa matangazo, yale maneno ya kuzuia (ambayo mtu akiyatafuta tangazo halimtokei) nayo yanajisahihisha? Nataka kuwaondoa wanaotafuta jinsi ya kujitengenezea mashine.

Milimani_Tangazo
Tahajia, ndiyo, tangu 2024. Zamani ulilazimika kuandika kila kosa. Umoja na wingi bado, na visawe bado. Kwa Kiswahili hilo ni kazi: kuzuia "kutengeneza" hakuzuii "kujitengenezea" wala "kuunda". Fungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa kila Jumatatu, uongeze yanayojitokeza.